Santuri Yenye Pengo

Kalista hakuwahi kuwa mtu wa muziki; alikuwa mtu wa mablanketi. Huo ulikuwa mwaka wa sita anatoka Bukoba kwenda Guangzhou kununua mablanketi mazito ya manyoya, yale yenye picha ya chui ambayo bibi harusi wa kwao lazima apewe hata kama kitanda bado hana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga duka ambalo halikuwa na kitu cha kufunga robota na kupakia kwenye kontena. Kilichomwingiza kwa Liang, mwuza santuri, ni polisi.

Ilikuwa Mei 2009. Tangu mwaka wa Olimpiki viza zilikuwa zinatolewa kwa kubaniwa. Ya Kalista ilikuwa ya siku thelathini, na kiwanda kikachelewesha mzigo wake wiki saba, huku laoban, bosi mwenyewe, akimwambia kila siku kwamba ni kesho, rafiki, kesho. Kesho ilipofika viza ilikuwa imeshakufa. Wapo waliomshauri akajisalimishe. Lakini waliojisalimisha walilazwa ndani kwanza, huyu wiki tatu, yule miezi, na mizigo yao ikabaki bila mwenyewe. Kalista, ambaye tangu utotoni hakujua kuacha kitu nusu, akaamua atajaza kontena lake kwanza, halafu wamkamate vizuri.

Asubuhi hiyo alikuwa barabara ya Huanshi Zhonglu, ametoka kununua kamba za kufungia mzigo, akaona sare chini ya daraja la waenda kwa miguu. Walikuwa wanamsimamisha kila mtu mweusi na kumtaka pasipoti. Hakukimbia. Aligeuka taratibu kama aliyesahau kitu, akaingia mlango wa kwanza aliouona, akashuka ngazi mpaka chini ya ardhi, akasukuma mlango wa kioo.

Liang alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, chai yake iko kwenye chupa ya jamu. Alimtazama mama wa Kiafrika anayehema mlangoni na rundo la kamba mkononi, akatazama dari, ambako viatu vilikuwa vinapita kwa kishindo, akaelewa. Alisogeza kigoda nyuma ya masanduku, akamwonyesha akae, akarudi kwenye chai yake.

Alikuwa anauza santuri na sidii zilizotupwa Ulaya na Marekani. Zilikuja melini kama taka za plastiki za kusagwa, na ili zisije zikauzwa zilikatwa msumeno ukingoni, kila moja pengo lake. Wajanja wakawa wanaziokoa kabla ya kusagwa na kuziuza hivyo hivyo zilivyo. Muziki wote wa kizungu aliokuwa anaujua Liang aliujua kwa njia hiyo. Kwa kuwa santuri huanzia kupigwa ukingoni, na ukingoni ndiko msumeno ulikopita, zipo santuri alizokuwa anazipenda kwa miaka ishirini bila kuwahi kusikia nyimbo zake za kwanza.

Kalista alikaa, na ili asionekane anajificha akaanza kupekua masanduku. Mikono ya mfanyabiashara haitulii mbele ya bidhaa, hata mwenyewe akiwa anatetemeka. Santuri ya thelathini au arobaini hivi, akamkuta baba yake.

Vijana watano walikuwa wamesimama juu ya mawe kando ya ziwa, suruali zao pana chini, nywele zimetimka, na juu yao yote mpiga chapa alikuwa amemwaga zambarau na rangi ya chungwa kama mtu aliyelewa. Wa pili kutoka kushoto, mwenye gitaa, alikuwa Bartholomeo, yuleyule ambaye Kalista alimjua siku zote kama mzee wa parokia mwenye koti moja la kijivu. Juu yao iliandikwa Wana Ngurumo, na chini yao Radi Juu ya Ziwa. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na orodha ya nyimbo, na kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kwa herufi ndogo kabisa, maneno mawili: Sauti, Albina.

Albina alikuwa mama yake.

Habari yenyewe Kalista aliijua kwa vipande, alivyopewa na mashangazi. Kwamba mwaka 1968 baba yake, fundi redio wa Bukoba mjini, alitengeneza kidude ndani ya kopo la biskuti, na gitaa likipitishwa humo linanguruma kama mvua inayokuja kutoka ziwani. Kwamba yeye na wenzake waliazima kinanda cha misheni bila kumweleza padri vizuri kinakwenda wapi, wakapanda meli mpaka Kisumu, wakafika Nairobi, wakarekodi siku mbili mfululizo. Kwamba Albina, mkewe mpya, msichana wa kwaya, aliimba wimbo mmoja tu, wa kupokezana na mumewe. Zilichapwa santuri mia chache. Watu wakasema hizo ni kelele za wavuta bangi, kampuni ikafa, na zilizobaki zikauzwa kwa jumla kwa mtu wa nje. Mwaka uliofuata akazaliwa Kalista, na alipokuwa na miezi minane Albina akafa kwa homa. Bartholomeo alimlaza jenezani akiwa na nakala pekee iliyokuwa nyumbani, akamkunjia mikono juu yake, wakafunikwa pamoja.

Hakushika gitaa tena. Alioa mke mwingine, akamzaa Jovin, maisha yakaenda. Lakini kila Kalista alipomuuliza baba yake kwamba mama alikuwa mtu wa namna gani, alimpa jibu moja. "Alikuwa na sauti," alisema, kisha akatoka nje. Picha ya mama Kalista alikuwa nayo, moja, ya kitambulisho. Sauti hakuwa nayo, na kwa miaka arobaini aliionea wivu hata kwaya ya wafu iliyokuwa inaisikia huko ilipo. Sasa alikaa juu ya kigoda nyuma ya masanduku ya watu na kulia kimya kimya, kwa sababu ya vile viatu vilivyokuwa bado vinapita juu.

Liang aliichukua ile santuri kwa ncha za vidole. Pengo lilikuwa na urefu wa kidole gumba. Wimbo wa kwanza ulikuwa umekwenda na maji kila upande. Kalista alimwonyesha ule wa mwisho, akaonyesha jina, akajipiga kifua, akasema mama. Liang akapima kwa kidole kutoka ukingoni, akatabasamu. "Mei wenti," akasema, hakuna tatizo. Huko katikati msumeno haukufika.

Guangzhou hununui kitu bila kukijaribu, hata iwe balbu. Liang tayari alikuwa anafuta vumbi kwenye sindano. Kalista akamshika mkono.

"Jaribu wewe," akamwambia kwa lugha yao ya sokoni, Kichina kidogo, Kiingereza kidogo, kingine mikono. "Mimi sisikilizi. Baba kwanza."

Kwao, pombe ya ndizi ikiiva, kibuyu cha kwanza kinakwenda kwa baba. Hata ukiwa umekamua wewe, hata ukiwa na kiu ya kufa, hulambi kidole. Kalista alikuwa na miaka arobaini, ana nyumba yake na watoto watatu, lakini kwa hilo alikuwa bado mtoto wa mzee Bartholomeo. Kuisikia sauti ya Albina kabla ya mwenye Albina, huku mwenyewe amelala Bukoba moyo wake umevimba na madaktari wanatikisa vichwa, aliona ni utovu wa adabu usiosemeka.

Liang akavaa hedifoni, basi, ili mteja asisikie. Kalista alisimama hatua mbili mbele yake akamtazama akimsikiliza mama yake. Mwanzoni alisikiliza kama fundi, kichwa upande. Kisha akavua miwani. Akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya meza, vidole vimetanuka, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha hakusema kitu. Alinyanyua sindano, akairudisha mwanzo wa wimbo uleule, akafumba macho tena.

Alipovua hedifoni alimnyooshea Kalista. Kalista akatikisa kichwa. Liang akanyoosha kidole kwenye kompyuta yake, akasema angeweza kumtolea kopi ya sidii, dakika kumi tu. Kalista akatikisa kichwa tena, na safari hii kwa nguvu. Riziki yake yote ilikuwa kopi: chui wa kopi, lebo za kopi, mpaka viatu alivyovaa. Kwa baba yake angepeleka kitu halisi.

"Bu yao kopi," akasema. Sitaki kopi.

Jioni ile alimpigia baba yake. "Baba, Radi Juu ya Ziwa ninayo mkononi," alisema. "Wimbo wa mama umo." Halafu mzee akasema, kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwake, "Ilete upesi, mwanangu."

Upesi ndilo lililokuwa gumu. Kwenda nayo mwenyewe hakuweza; bila viza wangemzuia uwanjani, na nani ajue santuri ingeishia kwenye kabati la nani. Kumpa msafiri hakuweza pia, kwa sababu tangu watu fulani wakamatwe na vifurushi wasivyojua ndani vina nini, hakuna Mtanzania aliyekubali kubeba hata bahasha ya mwenzake. Posta walitaka pasipoti. Ikabaki njia ambayo Kalista aliiamini kuliko zote, kwa sababu haijawahi kumwangusha. Ikabaki kontena.

Na katika kontena kila mfanyabiashara anajua, kitu cha thamani hukaa katikati ya mzigo, mahali mkono wa kibarua wa bandarini haufiki. Kalista aliifunga santuri kati ya vipande viwili vya boksi, akaizungushia fulana, akaiweka katikati ya robota la mablanketi ishirini na nne, akakaza kamba mpaka viganja vikachubuka. Murshid, Mzanzibari aliyekuwa wakala wao wa mizigo, alikuwa amesimama pembeni na orodha yake.

"Bibie, umetia nini humo? Wafunga utadhani mtoto mchanga."

"Mama yangu," Kalista akajibu.

Murshid akasema astaghfirullah, akarudi nyuma hatua mbili, mpaka akaelezwa. Baada ya hapo alilibeba lile robota mwenyewe mpaka kwenye lori la kwenda Huangpu, na huko bandarini akasimamia upakiaji kwa macho yake. Vigae chini, majiko juu ya vigae, vitu laini juu kabisa, vikigusa dari. Ndivyo inavyopakiwa, na ndivyo alivyopakia. Robota la Albina akaliweka la juu kuliko yote, lisikaliwe na kitu.

Watu wale wawili walikuwa wamepakia makontena mengi kuliko nywele zao, na hakuna hata mmoja aliyefikiria joto. Blanketi halidhuriki na joto. Jiko halidhuriki. Kontena likakaa juani Huangpu siku tisa likingoja meli, kisha baharini Juni na Julai, bati la dari likiwaka mchana kutwa, na chini yake mablanketi ya manyoya yakifanya kazi yaliyoumbiwa, yaani kutunza joto.

Kalista alihesabu siku akiwa chumbani. Julai ilikuwa mbaya. Msako ulipanda mpaka kwenye vyumba na ofisi, wapo walioumia wakikimbia, siku moja watu walichoka wakaingia barabarani, na baada ya hapo ukaguzi ukazidi. Alikuwa anatoka kununua chakula tu. Hakuogopa sana. Kila alipoingiwa na hofu aliuona uso wa Liang umefumba macho, akajiambia kwamba yote hayo yatakuwa na maana siku baba akisikia, na yeye akisikia pamoja naye kwenye simu. Alikuwa ameshapanga na Jovin: parokia wangewaazima gramafoni, simu ingewekwa karibu na spika, wasikie wote watatu kwa mara moja.

Jovin alipiga Agosti, saa tano asubuhi.

"Dada," akasema.

"Limefika?"

"Limefika. Nimelifungua mbele ya baba, kama ulivyosema. Dada, imejikunja."

"Imejikunjaje?"

"Kama jani la mgomba ukilipitisha motoni. Tumejaribu kuilaza chini ya mawe. Tumejaribu kuipiga hivyo hivyo. Sindano inarushwa, inakwaruza, hakuna hata neno linalotoka."

"Baba anasemaje?"

"Ameniambia nimwekee mapajani. Anayo hapo."

Kalista alikaa chini sakafuni. Kilichomuuma zaidi ya yote ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Si polisi, si laoban, si kibarua wa bandari. Yeye mwenyewe alimfunga mama yake kwa kamba, kwa mikono yake, akampeleka motoni, baada ya kuombwa mara mbili asikilize na kukataa mara mbili kwa sababu ya heshima.

Kisha akakumbuka kompyuta ya Liang. Huenda mjanja yule alitoa kopi kwa siri, kama kila mtu mjini humo. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimwomba Mungu akutane na mwizi.

Alitoka mchana kweupe, bila kofia. Kwenye daraja polisi walikuwepo. Alipita chini yao, nyuma ya familia moja ya Waarabu, na kama kuna aliyemwita hakumsikia. Alishuka ngazi. Liang alikuwa anafunga masanduku. Jengo lilikuwa linakaguliwa mno, alieleza, wateja wamepotea, mwisho wa mwezi anahama. Kalista akamshika mikono yote miwili.

"Kopi," akamwambia. "Ile santuri. Una kopi?"

Liang alimtazama kwa huzuni kabla hata ya kuelewa kilichotokea. "Mei you," akasema. Hakuna. Halafu, taratibu, kama anayemkumbusha mtu kitu asichopenda kumkumbusha, akasema, "Wewe, bu yao kopi."

Mtu mmoja mwaminifu katika mji mzima, na Kalista alikuwa amemwangukia huyo huyo. Kalista alikaa kwenye kile kigoda nyuma ya masanduku, akajifunika uso kwa khanga. Alimweleza kwa mikono: joto, meli, santuri kukunjika. Liang alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Akafumba macho, akaweka kiganja juu ya meza, na bila kuombwa akaanza kuimba kwa pua, bila maneno, kwani maneno hakuwa nayo. Sauti yake ilikuwa mbovu na yenye moshi wa sigara, lakini wimbo aliushika bila kusita. Ulipanda polepole, ukasimama mahali, ukashuka kwa upande usioutarajia.

Kalista akatoa simu, akapiga Bukoba. "Jovin, mpe baba," akasema, akawasha spika, akanyoosha mkono mpaka simu ikawa karibu na mdomo wa Liang.

Kwa muda ulisikika mluzi wa simu ya masafa marefu tu. Kisha upande wa pili sauti ikaingia chini ya ile ya Liang, nyembamba, imejaa pumzi. Bartholomeo alikuwa anaimba sehemu yake. Aliimba mstari wake, na ilipofika zamu ya Albina alinyamaza kumwachia nafasi, na Liang, ambaye hakujua hata anapokezana na nani, akaijaza. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, wanaume wawili na pengo kati yao. Kalista alisikia kila kitu isipokuwa yule aliyemtaka.

Akarudisha simu sikioni.

"Nani huyo?" baba yake aliuliza.

"Mwenye duka, Baba. Yeye alimsikia."

"Usilie kwa ajili yangu," mzee akasema. "Mimi nilikuwa naye, na kila siku ninamsikia. Sikuitaka kwa ajili yangu, Kalista. Niliitaka kwa ajili yako. Ilinitesa miaka yote hii kwamba hukuwahi kumsikia mama yako, na mimi sikujua kukueleza." Akapumzika. "Lakini wewe ulimsikia kabla hujaifunga. Ulimsikia, sivyo?"

Hedifoni zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, palepale zilipokuwa Mei. Kalista alizitazama.

"Nilimsikia, Baba."

"Ehe. Alikuwaje?"

Kalista akageuka kumtazama Liang, ambaye bado hajavaa miwani yake.

"Ni sauti ambayo mtu akiisikia anavua miwani," akasema. "Anafumba macho. Anashika meza, kama kuna kitu kitaanguka. Na wimbo ukiisha hasemi neno lolote, Baba. Anaurudisha mwanzo."

Huko Bukoba mzee akaanza kulia, na katikati ya kulia kulikuwa na kicheko.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Umemsikia."